Faili lako la hospitali ughaibuni: nani analiona, na wewe una nguvu gani

Fomu za hospitali huja kwa wingi, mhudumu wa mapokezi ana foleni nyuma yako, na lugha ya fomu hizo ni ya kisheria. Wengi wetu tunatia sahihi na kuendelea. Lakini humo ndani mna maswali mawili yasiyotaka haraka: apigiwe nani ikitokea dharura, na hospitali izungumze na nani kuhusu ugonjwa wako. Ni mambo mawili tofauti. Anayefaa kupigiwa simu saa nane za usiku si lazima awe mtu wa kusomewa majibu ya vipimo vyako. Ukimjaza mtu yuleyule kote kwa sababu ndilo jina lililokuja kichwani kwanza, umeshampa ruhusa ambayo pengine hukukusudia kuitoa.

Kwa walioko Marekani, sheria inayosimamia haya ni HIPAA ya mwaka 1996. Inamruhusu daktari kuzungumza na ndugu anayehusika na matibabu yako ilimradi wewe hukupinga. Hapo ndipo watu hunaswa, kwa sababu ukinyamaza huku shemeji ameketi pembeni ya kitanda, kimya chako kinaweza kuhesabiwa kuwa idhini. Mwambie daktari waziwazi kwamba unaomba mzungumze wawili tu. Yeye ndiye atakayewaomba wageni watoke, na lawama hazitakufikia. Ukilazwa, uliza pia kuhusu orodha ya wagonjwa waliomo. Hospitali nyingi zinayo, na anayepiga simu akikutaja kwa jina anaweza kuambiwa uko wodi gani na hali yako kwa ujumla. Una haki ya kutaka jina lako lisiwemo.

Mkalimani

Nikiulizwa siri zetu huvujia wapi zaidi, sitawataja wadukuzi kwanza. Nitataja ukalimani. Mtoto wa miaka kumi na miwili anamtafsiria mama yake maswali ya mimba au ya damu, au jirani "anayejua lugha vizuri" anabebwa hadi chumba cha daktari. Huko Marekani, kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya mwaka 2010 kinazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zikupe mkalimani mwenye sifa bila kukutoza, na haziruhusiwi kumtegemea mtoto isipokuwa kwenye dharura. Hawawezi kukulazimisha uje na wako.

Lakini mkalimani rasmi naye huleta tatizo lake. Mji ukiwa na wasemaji wachache wa Kiswahili, Kisomali au Kinyarwanda, anayeingia mlangoni anaweza kuwa mtu unayesali naye. Amefungwa na kanuni za usiri, ndiyo, ila wewe hutakuwa huru kusema. Omba mkalimani wa simu kutoka mji mwingine, omba asitajiwe jina lako, na ukitaka wa jinsia yako sema siku unayopanga miadi, maana ukisubiri hadi siku yenyewe hutampata. Na ukiisikia sauti unayoifahamu, simamisha mazungumzo kabla hayajafika kwenye ugonjwa.

Jina lako na tarehe ya kwanza Januari

Hospitali nyingi humtambua mgonjwa kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Sasa fikiria wakimbizi wangapi waliandikiwa 1 Januari kwa kuwa hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, halafu fikiria ni wangapi kati yao wana majina matatu yanayofanana, yakiwa yamepangwa upya na karani asiyejua lipi ni la babu. Mafaili huchanganyika. Majibu yako yanapelekwa kwa mtu mwingine, au mzio wa dawa wa mtu mwingine unaandikwa kwako, na hilo si suala la faragha peke yake tena. Tumia namba ya faili kila unapoweza (Uingereza kuna namba ya NHS, huduma ya afya ya taifa, yenye tarakimu 10), na kila ukienda hakikisha anwani na simu iliyoandikwa ni ya sasa. Nyumba uliyohama bado inapokea barua zako.

Ili ujue kilichoandikwa, omba nakala. Marekani wana siku 30 za kukupa, na wanaweza kuongeza 30 mara moja tu wakikueleza sababu kwa maandishi. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya muda wa kawaida ni mwezi mmoja. Huko nakala ya kwanza ni bure, na mahakama ya Umoja huo ilithibitisha hivyo Oktoba 2023 katika kesi ya mgonjwa wa Ujerumani, ikisema hulazimiki hata kueleza unaitakia nini. Ukikuta kosa, omba lirekebishwe kwa maandishi.

Barua za bima zinasahaulika sana. Ukiwa kwenye bima ya mwenzi au mzazi huko Marekani, maelezo ya huduma uliyopata na tarehe yake kwa kawaida hutumwa kwa mwenye bima. Kliniki lazima ikubali ombi la busara la kukuandikia kwingine, bila kukuuliza sababu. Kampuni ya bima lazima ikubali ukisema kwamba kufichuka kunaweza kukuhatarisha. Njia nyingine: lipia huduma hiyo yote mwenyewe, kisha uombe kliniki isiipelekee bima taarifa zake. Ukishalipa kikamilifu, hawana ruhusa ya kukukatalia, labda sheria nyingine iwe inawalazimisha kuitoa.

Kama wewe ndiye unayetunza wagonjwa

Wengi wetu huku ni wauguzi na walezi wa wazee, kwa hiyo upande huu unatuhusu kuliko tunavyopenda kukiri. Binamu anapiga simu: fulani amelazwa kwenu, hebu mwangalie ana nini. Nia yake inaweza kuwa njema kabisa. Ukifungua faili la mgonjwa usiyemhudumia, kompyuta inaandika jina lako, saa na ukurasa ulioangalia. Uingereza, kuchukua taarifa hizo bila idhini ya mwajiri ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 170 cha sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2018, na wafanyakazi wa afya wamefikishwa mahakamani kwa hilo. Marekani adhabu huanzia faini ya hadi dola 50,000 na kifungo cha hadi mwaka mmoja, ikifika miaka 10 kama ulikusudia kujinufaisha au kudhuru. Hata usipofika huko, kazi imekwenda, na leseni nayo, na kwa mwenye viza inayotegemea mwajiri ndiyo basi tena. Mjibu binamu kwamba huruhusiwi, akanune. Video za zamu ya usiku nazo ziache: mlango wenye jina, ubao wa dawa, sauti ya mzee nyuma yako, vyote ni taarifa za mgonjwa.

Programu za simu zina mkasa wake. HIPAA hufuata hospitali, bima na wanaowafanyia kazi. Programu uliyoipakua mwenyewe kuhesabu hedhi au kutafuta dawa ya bei nafuu mara nyingi haimo. Februari 2023 GoodRx ilikubali kulipa dola milioni 1.5 baada ya FTC, mamlaka ya Marekani inayolinda walaji, kuituhumu kupeleka taarifa za afya za watumiaji kwa Facebook, Google na wengineo. Na ukimtumia daktari wa nyumbani picha ya majibu kwa WhatsApp, ziba jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya faili kwanza, kwani picha hiyo itabaki kwenye simu yake na pengine kwenye hifadhi yake ya mtandaoni.

Kuhusu uhamiaji, usikose matibabu kwa sababu ya uvumi. Uingereza, kujiandikisha kwa daktari wa kawaida hakuhitaji hati ya ukaazi. Kinachoripotiwa Home Office, yaani wizara ya mambo ya ndani, ni deni la NHS la pauni 500 au zaidi lililopita miezi miwili bila makubaliano ya kulipa, basi zungumza na ofisi ya malipo mapema. Marekani mambo ni mazito zaidi: mwaka 2025 taarifa za wanachama wa Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, zilipelekwa kwa wizara ya usalama wa ndani, na majimbo kadhaa, California ikiwemo, yakaenda mahakamani. Ikiwa hadhi yako haijakaa sawa, muone wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza maombi ya Medicaid.

Siri ikishavuja, andika. Usiishie kulalamika kwenye simu. Anza na afisa wa faragha wa hospitali hiyo na umuulize nani alifungua faili lako. Marekani malalamiko hupelekwa ofisi ya haki za raia ya wizara ya afya ndani ya siku 180 tangu ulipojua. Uingereza ni ICO, ofisi inayosimamia ulinzi wa data. Kama uvujaji ulitokea hospitali ya nyumbani ulikotibiwa likizoni, Kenya ina Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya sheria ya 2019, na Tanzania ina Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo sheria yake ilianza kutumika Mei 2023.