Jinsi ya kumsimulia mtoto maisha ya Storm

Storm ni shujaa wa kike wa vitabu vya katuni vya Marvel, anayeamrisha hali ya hewa. Ukimsimulia, usianze na radi. Mimi nilianza nayo, binti wa kaka yangu akauliza, "Shangazi, kwani hazimpigi mwenyewe?" Hadithi ikaishia hapo.

Anza na jina: Ororo Munroe. Mtoto wa Kiswahili atacheka, maana kwetu kitu chororo ni kitu laini. Mwache acheke.

Kisha mpeleke Harlem, New York, Ororo alikozaliwa na baba Mmarekani mpiga picha za habari na mama wa ukoo wa kifalme wa Kenya. Wakahamia Cairo. Ndege ikaangukia nyumba yao. Wazazi wakafa, naye akafukiwa na kifusi pembeni ya mama yake. Hapa punguza sauti, lakini usiruke. Ndiyo maana huyu anayeamrisha vimbunga anaogopa vyumba vidogo. Ukilificha hilo, mbele mtoto hataelewa kwa nini shujaa mzima anatetemeka pangoni.

Wizi wa mifukoni mitaani Cairo upitie haraka, watoto wanaupenda mno. Halafu safari ya miguu hadi Kenya, watu kumwabudu kama mungu wa mvua, na Profesa Xavier, mwanzilishi wa kundi la mashujaa la X-Men, kuja kumchukua. Hilo la Xavier lilichapishwa mwaka 1975.

Utamu wenyewe uko pale alipokuwa amepoteza nguvu zote, akapambana na Cyclops, shujaa mwenzake, kugombea uongozi wa X-Men, akamshinda. Ukifika hapo, zima taa. Ndoa yake na Black Panther, shujaa mwingine wa Marvel, ingoje kesho. Ina maswali mengi.