Mchicha, bamia na matembele: mambo ya kufanya mwezi wa sita huku Minnesota

Huku usidanganywe na jua la mwanzo wa mwezi wa tano. Mwaka wangu wa kwanza nilitoa miche ya nyanya nje kisa joto la siku tatu, usiku baridi ikapiga, asubuhi nakuta imelala myeusi kama imemwagiwa maji ya moto. Siku hizi nasubiri mwezi unakaribia kuisha, na bamia ndo siigusi kabisa mpaka nichomeke kidole kwenye udongo asubuhi nikute una uvuguvugu, ukiwa wa baridi mbegu inaoza tu.

Mchicha sasa. Mbegu zake ndogo kuliko ufuta, kwa hiyo changanya na mchanga mkavu ndo unyunyize, funika na udongo kidogo wa kuzificha tu, halafu mwagilia na kopo lenye matundu, ukitumia mpira wa maji mbegu zote zitakimbilia kona moja. Mwezi wa sita jua linazama saa tatu usiku, mchicha unapenda hivyo, kama wiki nne unaanza kuchuma. Kata juu using'oe, utachipua tena. Na usipande wote siku moja, rudia kila baada ya wiki mbili.

Bamia loweka usiku mmoja, panda kina cha sentimita 2 hivi, nafasi sentimita 30. Zikianza kuzaa pitia kila baada ya siku mbili, ukichelewa zinakuwa miti, mlenda hupati.

Matembele huhitaji kuagiza mbegu kokote, nunua kiazi kitamu cha ogani (vingine hupigwa dawa visichipue), kiweke nusu kwenye maji dirishani kuanzia mwezi wa nne, machipukizi yakifika urefu wa kiganja yanyofoe uyaweke kwenye maji yatoe mizizi. Mwezi wa sita unahamishia nje, hata kwenye ndoo ya galoni 5 iliyotobolewa chini, wa ghorofani mnaweza kabisa.

Nyanya zika shina hadi karibu nusu, funga kwenye kijiti ulichochomeka pembeni, maji asubuhi na yaende shinani sio kwenye majani.

Halafu sungura. Wa huku hawana adabu jamani, matembele yangu walikula mpaka vikonyo, bamia wakaziacha. Zungushia waya wa kuku na uuzike chini kidogo, maana wanachimba.