Rungu la Mti na Rungu la Chuma: Namna ya Kuchagua kwa Timu ya Ridhaa ya Besiboli Arusha na Moshi

Kila timu changa ya besiboli inayoanzishwa shuleni au mtaani, iwe Arusha au Moshi, hufika siku ya kuulizana swali lile lile: fedha kidogo tulizochanga zinunue rungu la mti au la chuma? Jibu langu ni kwamba fedha ya timu inunue la chuma kwanza, kwa sababu linadumu, lakini mpigaji afundishwe kwa la mti, kwa sababu halimfichi kosa lake. Timu yenye wachezaji kumi na watano inaweza kuanza na marungu mawili ya chuma ya urefu tofauti na moja la mti, na isikose kitu cha maana.

Sababu ya hayo imo katika jinsi marungu yenyewe yanavyofanya kazi. Mpira wa besiboli una uzito wa gramu 142 hadi 149, na unapogongana na rungu la mti, mti haubonyei kwa kiasi cha kuonekana, hivyo mpira ndio unaobonyea na nguvu nyingi hupotelea ndani yake. Rungu la chuma, ambalo kwa kawaida ni la aluminiamu, lina uwazi ndani, na ukuta wake mwembamba hubonyea kidogo kisha hurudi upesi kama ngozi ya ngoma, ukiurudishia mpira sehemu ya nguvu ambayo ingepotea. Zaidi ya hapo, uzito wa la chuma hukaa karibu zaidi na mikono, kwa hiyo mpigaji hulizungusha kwa kasi kubwa na huweza kungoja mpira kwa kitambo kidogo zaidi kabla ya kuamua. Hata mpira uliopigwa karibu na mpini hutoka salama, jambo ambalo la mti halisamehi: mikono huwaka ganzi, na mara nyingine rungu lenyewe huvunjika.

Ndiyo maana vyama vya mchezo vimekuwa vikiyabana marungu ya chuma. Ligi kuu ya Marekani haijawahi kuyaruhusu. Wachezaji wake hutumia mti wa kipande kimoja, usiozidi kipenyo cha inchi 2.61 wala urefu wa inchi 42. Vyuo vya Marekani viliyaruhusu mwaka 1974, lakini mpira ukawa unatoka kwa kasi ya kumtisha mrushaji, ambaye husimama mita 18.44 tu kutoka kwa mpigaji. Kuanzia msimu wa 2011 vyuo hivyo vikaweka kipimo cha BBCOR, yaani kiasi ambacho rungu huurudisha mpira kwa kuudundisha, kisichozidi 0.50, ili chuma kikaribiane na mti. Japani nayo, ambako mashindano ya shule za sekondari ya Koshien yana heshima kubwa, iliyapunguza marungu ya chuma mwaka 2024 kutoka kipenyo cha milimita 67 hadi 64 na kuyaongezea unene wa ukuta. Kwa mnunuzi wa hapa, maana yake ni moja: kwa vijana wa sekondari na watu wazima, tafuteni rungu lenye mhuri wa BBCOR .50 juu yake. La zamani lisilo na mhuri huo linaweza kuwa kali mno kwa mrushaji asiye na kinga usoni.

Juu ya rungu la chuma huandikwa namba mbili, urefu kwa inchi na uzito kwa aunsi. Inchi 32 ni sentimita 81, na aunsi 29 ni gramu 822 hivi. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo itakayowaongoza: marungu ya BBCOR hayaruhusiwi kuwa na tofauti inayozidi 3, ilhali ya watoto huweza kufika 10, yaani mepesi sana kwa urefu wake. Msimpe kijana wa miaka kumi na saba rungu la watoto kwa sababu tu ndilo lililopatikana. Njia rahisi ya kupima kama uzito unamfaa mtu ni kumwambia anyooshe mkono mmoja upande, ashike mpini, na kulishikilia rungu likiwa usawa wa bega kwa sekunde 20 hivi. Likianza kushuka mapema, ni zito kwake, hata kama anaona aibu kukiri.

Wengi wetu hatununui dukani. Tunapekua mitumba, Kilombero pale Arusha au Memorial pale Moshi, na mara moja moja rungu hujitokeza katikati ya viatu na mabegi. Basi lichunguzeni kabla ya kutoa fedha. Lizungusheni juu ya meza iliyo sawa mwone kama linayumba. Litikiseni sikioni; kitu kinachochezacheza ndani ni kifuniko cha ncha kilicholegea au kipande kilichomeguka. Pitisheni ukucha polepole kuanzia shingo hadi ncha, kwa sababu ufa mwembamba huhisiwa na ukucha kabla haujaonekana kwa macho. Kateni pia tundu la sentimita 6.67 katika kadibodi ngumu na mlivishe rungu: lisipopita, limepanuka au si la kipimo kinachokubalika. Kibonyeo kidogo kwenye aluminiamu huvumilika katika mazoezi, lakini ufa hauvumiliki popote.

Yapo pia marungu meusi yanayong'aa ambayo si aluminiamu bali ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Hayo hayapendi baridi. Watengenezaji wengi huonya yasitumike chini ya nyuzijoto 15 hivi. Moshi jambo hilo si tatizo kubwa, lakini Arusha iko juu, kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai huwa chini ya hapo. Asubuhi moja ya Julai nilimwona kijana akipiga mpira wa kawaida kabisa, na badala ya mlio mkali uliozoeleka ukatoka mlio mzito, kama wa debe lililojaa. Tulipolitazama rungu lake, nyufa zilikuwa zimetambaa kwenye sehemu yake nene kama utando wa buibui. Lilikuwa limechangiwa na familia nne. Mazoezi ya rungu la aina hiyo yafanyike jua likishapanda.

Sasa tuje kwenye mti, ambao mimi naupenda zaidi. Marungu ya kigeni hutengenezwa hasa kwa miti mitatu, nayo ni ashi, mepo na bechi (kwa Kiingereza ash, maple na birch). Mpigaji anapaswa kujua kwamba nembo ya kiwanda haikuwekwa kwa urembo, bali huonyesha upande ambao haupaswi kugongana na mpira. Rungu linapokutana na mpira, nembo itazame juu au chini, isimtazame mrushaji. Marungu mengi yanayovunjika mikononi mwa wanaoanza hayana kasoro yoyote isipokuwa yameshikwa vibaya.

Ninyi wenyewe mnaweza kuitafuta sehemu nzuri ya rungu. Lishikeni kwa vidole viwili penye kifundo cha mpini, liache lining'inie, kisha mwenzenu aligongegonge kwa kifundo cha kidole kuanzia ncha akipanda juu. Mtahisi mtetemo vidoleni, kisha mahali fulani, kati ya sentimita 12 na 18 kutoka ncha, mtetemo unapotea kabisa na mlio unakuwa safi. Pafungeni utepe. Mpigaji akifanya mazoezi kwa la mti akilenga utepe huo, baada ya wiki chache hata akipewa la chuma atapiga kwa usahihi ambao hakuwa nao.

Je, fundi wa hapa anaweza kulitengeneza? Anaweza, akiwa na mashine ya kerezo na subira. Mtu asiwashauri mpingo: uzito wake unazidi kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, unazama majini, na rungu lake litakuwa zito karibu mara mbili ya la ashi. Mninga mkavu una uzito unaofaa zaidi. Chagueni mche wa inchi 3 kwa 3 uliokauka kivulini kwa miezi kadhaa, usio na fundo popote, ambao nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Nyuzi zikikata kwa mshazari kwenye mpini, hapo ndipo litakapovunjikia. Katika ligi kuu ya Marekani, mpini wa mepo au bechi hudondoshewa tone la wino, na wino ukifuata nyuzi kwa mshazari unaozidi digrii 3 kutoka mstari wa rungu, rungu hilo hukataliwa. Hata hivyo, rungu la kerezo la hapa mlitumie kwa mpira uliowekwa juu ya kigingi au unaotupwa taratibu kutoka karibu, wala si mbele ya mrushaji anayerusha kwa nguvu.

Wakati wa masika msiliache la mti juu ya nyasi zenye unyevu, na msiliegemeze juani kwenye ukuta wa bati. Lifuteni, mlisimamishe au mlitundike ndani. La chuma halidai mengi, ila lisigongeshwe mawe wala mpira uliolowa maji, kwa kuwa mpira uliolowa ni mzito na hulichosha.

Rungu lolote litakaloonekana na ufa, la mti au la chuma, likatwe vipande kwa msumeno siku hiyo hiyo mbele ya timu. Likirudishwa stoo likiwa zima, siku kocha hayupo litachukuliwa na mtoto asiyejua habari zake, na kipande kitakachoruka kitaelekea kwa mrushaji.