SOMO: Uzio wa seng'enge usiolegea (na historia yake kidogo)

Swali ni lilelile kila mara: "Seng'enge yangu imelegea, nikaze vipi?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nayaweka yote hapa. Jibu la haraka: waya hausimamishi uzio, nguzo za kona ndizo zinazousimamisha. Zikisogea, hata ukaze mara ngapi unajisumbua.

1. Safisha njia, vuta kamba, weka alama za nguzo.

2. Nguzo za kona. Hapa ndipo wengi huharibu, tulia usome. Zifukie kina cha sentimita 90 au zaidi, ziwe nene kuliko nguzo za kati. Kwa kila upande unaoanzia konani, simamisha nguzo ya pili umbali wa mita 2 hadi 2.5, kisha weka mti mlalo juu kati ya nguzo hizo mbili, ukae kama herufi H. Halafu funga waya wa mshazari, mizunguko miwili, uusokote kwa kipande cha mti hadi ukaze. Waya huo unatoka CHINI ya nguzo ya kona kwenda JUU ya nguzo ya pili. Ukigeuza, mshazari wako ni pambo tu: siku ya kukaza, nguzo ya kona itainama kuelekea kwenye uzio nawe utalaumu waya. Shindilia udongo tabaka kwa tabaka, usijaze shimo lote ndipo upige.

3. Nguzo za kati: kila mita 3 hadi 4.

4. Kagua waya kabla ya kununua. Shika mwiba mmoja kwa koleo uusukume. Ukiteleza kwenye waya, achana nao. Hilo ndilo tatizo alilolimaliza Joseph Glidden, mkulima wa DeKalb, Illinois, Marekani, aliyepata hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) yake tarehe 24 Novemba 1874. Wengine walikuwa wameshabuni waya wa miba kabla yake. Yeye alizungusha mwiba kwenye waya mmoja, kisha akausokota pamoja na waya wa pili ili mwiba ubanwe usisogee. Miba ya majaribio aliikunjia kwenye kinu cha kusagia kahawa.

5. Kukaza. Tumia kikaza waya, si gari. Kaza hadi waya unyooke kati ya nguzo, basi. Glavu za ngozi, mikono mirefu, miwani, na mtu yeyote asisimame kwenye mstari wa waya: ukikatika unarudi kama mjeledi wenye meno.

6. Misumari ya U: ipige ikiwa imeinama kidogo ili miguu yote miwili isiingie kwenye ufa mmoja wa mti. Kwenye nguzo za kati usiizamishe yote, waya uweze kuteleza.

MASWALI

— Mkuu, somo zuri. Nguzo za kona zifukiwe kina gani?
Hatua ya 2. Imeandikwa.

— Naweza kupitisha umeme humo humo kwenye seng'enge?
Hapana. Mnyama au mtoto akinaswa na miba hawezi kujitoa, na umeme unaendelea kumpiga. Umeme unataka waya laini.

— Mimi nilitumia gari kukaza na uzio umesimama. Unatutisha bure.
Sawa. Mimi nimeandika kwa wanaotaka vidole vyao vyote.

— Samahani mwalimu, kwa nini seng'enge ilishika Marekani hasa?
Swali zuri. Nyanda za kule hazina miti ya kutosha wala mawe, na ua wa miti ya miba ulichukua miaka kukua. Wafugaji hawakuamini waya mwembamba ungezuia ng'ombe, hadi John Gates, muuza seng'enge, alipofanya onyesho San Antonio, Texas, mwaka 1876, kwa zizi la seng'enge lenye ng'ombe ndani. Baada ya hapo malisho ya wazi yakaanza kufungwa, na njia za maji pia. Mwaka 1883 watu wa Texas walikuwa wanakata uzio usiku na kupigana. Mwaka 1884 jimbo likaufanya ukataji huo kosa kubwa la jinai, lakini likawataka pia waliofunga njia za umma waweke mageti. Jeshi nalo halikuchelewa: katika vita vya Afrika Kusini vya 1899–1902 Waingereza waliunganisha vibanda vyao vya ulinzi kwa seng'enge ili kuwabana Makaburu.

— Nasikia waliitumia hata kwa simu?
Kweli. Wakulima wa Marekani waliunganisha simu zao kwenye waya wa uzio, wakautenga waya huo na nguzo kwa shingo za chupa. Mvua ikinyesha mawasiliano yalikuwa yanakufa.

— Nina farasi, mistari minne inatosha?
Kwa farasi usiweke hata mmoja. Akishtuka anakimbilia kwenye waya na kujichana vibaya. Weka mbao au waya laini.

— Nyongeza: vipande vilivyokatwa okoteni vyote. Ng'ombe humeza chuma pamoja na majani, kikatoboa tumbo hadi karibu na moyo.
Asante kwa hilo. Madaktari wa mifugo huwamezesha sumaku inayokaa tumboni kushika vyuma hivyo. Nami hupitisha sumaku ardhini nikimaliza kila upande.