Somo: Zoom kwenye Linux, usakinishe programu au utumie brauza?

Wakuu, kila mara mtu ananifuata pembeni na swali lile lile: "Nimehamia Ubuntu, Zoom naitumiaje?" Naandika mara moja hapa, kwa Ubuntu na ndugu zake wa Linux (mfumo wa kompyuta unaotumika badala ya Windows). Atakayeuliza tena nitamrushia kiungo cha uzi huu, basi.

Msimamo wangu kwanza, mwenye haraka aondoke nao: kama wewe ni mwalikwa tu, unaingia, unasikiliza, unachangia mawili matatu, tumia brauza. Kama unaendesha kikao, unafundisha, unagawa watu kwenye vyumba vidogo, sakinisha programu. Nusu ya malalamiko ninayoyaona ni ya watu waliohangaika na programu nzima kwa ajili ya usaili wa nusu saa.

KWA BRAUZA

1. Fungua kiungo ulichotumiwa.

2. Ukurasa utakung'ang'aniza upakue programu. Kataa. Chini kuna maandishi madogo yenye neno "browser", bonyeza hapo. Usipoyaona, nenda kwenye anwani juu, pale penye /j/ weka /wc/join/, vingine vyote viache vilivyo, hasa ile sehemu ya pwd mwishoni kwa sababu ndiyo inayobeba nenosiri.

3. Ruhusu kamera na maiki. Andika jina. Ingia.

KWA PROGRAMU

1. Pakua .deb (faili la usakinishaji la Ubuntu na Mint) kutoka tovuti ya Zoom yenyewe. Wa Fedora na openSUSE (Linux za aina nyingine), .rpm; amri ya hatua ya 2 ni ya .deb.

2. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri):

cd ~/Downloads
sudo apt install ./zoom_amd64.deb

Ile nukta na mkwaju mbele ya jina si mapambo. Ukiviacha, apt (kisakinishaji cha Ubuntu) itatafuta kifurushi cha jina hilo kwenye hazina zake na kukwambia hakipo.

3. Jaribu sauti na kamera kwenye zoom.us/test kabla ya siku yenyewe.

4. Kuonyesha skrini. Hapa tutulie, maana hapa ndipo niliponyamaziwa na darasa zima huku wao wanaona weusi mtupu. Andika:

echo $XDG_SESSION_TYPE

X11 na Wayland ni mifumo miwili ya kuchora madirisha kwenye skrini. Ikijibu x11, ruka hatua hii. Ikijibu wayland, ujue kwamba Wayland hairuhusu programu moja kuchungulia madirisha ya nyingine kiholela kama X11 ilivyokuwa ikiruhusu. Picha ya skrini lazima ipitie PipeWire (programu inayosafirisha picha na sauti) na mlango unaoitwa xdg-desktop-portal, na mlango huo una mlinzi wake kwa kila mazingira ya dawati, yaani sura ya skrini unayoitumia: xdg-desktop-portal-gnome kwa GNOME, -kde kwa KDE, -wlr kwa Sway. Hakikisha mlinzi wako amesakinishwa. Kisha kwenye Zoom ingia Settings, Share Screen, Advanced, uchague PipeWire. Ikigoma bado, funga Zoom kabisa, PAMOJA na ile alama yake iliyojificha kwenye trei, ufungue ~/.config/zoomus.conf na uweke enableWaylandShare=true. Ukihariri faili hilo Zoom ikiwa wazi, usishangae ikifuta ulichoandika.

Onyo la kwanza: utaulizwa mara mbili, Zoom inauliza, halafu mfumo nao unauliza uchague skrini. Wengi wanafunga dirisha la pili wakidhani ni marudio. Wakishalifunga hakuna picha inayoondoka.

Onyo la pili: onyesha dirisha moja, si skrini nzima. Ujumbe wa mpangaji mwenzako kuhusu bili ya umeme utapita hapo juu na bosi atausoma.

5. Kusasisha: apt upgrade haiigusi Zoom uliyoipakua kwa mkono. Pakua .deb mpya, rudia hatua ya 2. Brauza haina kazi hii, na kwangu hiyo ndiyo faida yake kubwa.

MASWALI

chongoe: Nimefuata yote haifanyi kazi.

Mleta mada: Nini hakifanyi kazi? Hatua ya ngapi? Terminali imeandika nini?

chongoe: Inasema haioni kifurushi.

Mleta mada: Nukta na mkwaju. Imeandikwa.

kijana_wa_mint: Mkuu, baada ya kusakinisha imetoa maneno kuhusu "unsandboxed" na root. Nimedukuliwa?

Mleta mada: Hapana. Apt ina mtumiaji wake mdogo anayeitwa _apt, na hana ruhusa ya kusoma folda yako ya nyumbani, kwa hiyo kazi imefanywa na root, mtumiaji mkuu wa mfumo. Ni taarifa tu. Umefanya vizuri kusoma kabla ya kuogopa, wengi wanafanya kinyume.

pwani_raha: Mbona husemi Flatpak? Ni rahisi zaidi.

Mleta mada: Flatpak ni njia nyingine ya kusakinisha programu, na Zoom ipo kwenye ghala lake, Flathub, sikatai. Hutunzwa na watu wa kujitolea, na inaishi ndani ya kizuizi, kwa hiyo baadhi ya folda zako haitaziona. Ukiielewa hali hiyo itumie. Sikuiweka kwa sababu ningeishia kujibu "faili langu liko wapi" mpaka kesho.

bibi_terminali: Teams je? Natafuta .deb siioni.

Mleta mada: Microsoft waliiondoa Desemba 2022. Fungua Teams ndani ya Edge au Chrome kisha uisakinishe kutoka kwenye menyu ya brauza, itakaa na aikoni yake kama programu nyingine. Google Meet ni ya brauza tu tangu zamani, usiitafutie .deb.

mwl_fizikia: Somo zuri mkuu. Nafundisha kwa bando. Kati ya hizi mbili ipi inakula kidogo? Na je, wanafunzi wanaweza kusikia sauti ya video ninayowachezea?

Mleta mada: Mwalimu, karibu. Kinachokula bando ni kamera zaidi ya aina ya Zoom. Kwa viwango vya Zoom wenyewe, video ya watu wawili inataka takriban 600 kbps (kilobiti kwa sekunde) kila upande. Piga hesabu: 270 MB kwenda na 270 kurudi kwa saa. Sauti peke yake ni 60 hadi 80 kbps, na kuonyesha skrini bila picha ya uso ni 50 hadi 75. Zima kamera, onyesha slaidi, ongea.

Sauti ya video: kwenye programu weka tiki ya kushiriki sauti unapochagua skrini. Kwenye Chrome ya Linux utapata sauti ya tabo tu, kwa hiyo chagua tabo, si dirisha. Firefox haitoi kabisa.

mwl_fizikia: Asante. Kipaza changu cha masikioni cha Bluetooth kinageuka kama redio mbovu nikiwasha maiki.

Mleta mada: Kawaida hiyo. Maiki ya Bluetooth ikiwaka, kifaa kinahama kutoka A2DP (hali ya muziki) kwenda HFP (hali ya simu), ubora unashuka. Tumia maiki ya kompyuta, kipaza kibaki cha kusikilizia tu. Sakinisha pavucontrol (programu ya kurekebisha sauti), kwenye Configuration ukirudishe A2DP.

chongoe: Imekubali. Ila nasikia mwangwi.

Mleta mada: Umefungua kikao kwenye brauza na kwenye programu kwa pamoja?

chongoe: Ndiyo, nilitaka kulinganisha.

Mleta mada: Funga kimoja.