Kwenda shamba England kwa siku moja: anza na basi la kurudi

Watu wakiniuliza huko mashambani naendaje kila mwezi na gari sina, wanategemea niwatajie sehemu nzuri. Jamani sehemu nzuri sio shida, nchi hii imejaa makanisa ya kale na magofu ya ngome na vilima vya kijani, huwezi kukosa. Shida ni kurudi. Kwa hiyo mie safari naipangia mkiani, kwanza natafuta basi la mwisho la kutoka kijijini, halafu natafuta lililo kabla yake, na hilo la kabla ndo langu. La mwisho ni la dharura tu.

Hili nimefunzwa na shangazi. Alikuja kutoka Tanga mwezi wa tano, nikampeleka kijiji kimoja kule Cotswolds, vile vijumba vya mawe ya rangi ya asali, mie nikapanda kilimani kupiga picha yeye nikamwacha chini, nikamwambia shangazi basi la mwisho saa tano na nusu tukutane kituoni. Kumbe kichwani nina saa za kizungu, yaani 17:30, na yeye kasikia saa tano na nusu kama mtu yeyote mwenye akili timamu, akaenda zake kanisani kutazama vioo vya rangi akijua ana masaa mengi tu mpaka usiku. Basi likaja, likaondoka, mie nimesimama peke yangu. Teksi ilitutoa pauni 60 na shangazi njia nzima anasema "si ulisema mwenyewe?" Sa siku hizi naandika kwa tarakimu, 17:30, namtumia kila mtu kwenye simu, sitamki saa kwa mdomo.

Ukishapata basi la kurudi ndo unarudi nyuma kutafuta la kwenda. Epuka Jumapili kama unaweza, mabasi ya vijijini siku hiyo ni machache sana na kwingine hayapo kabisa, Jumamosi ndo siku. Sikukuu nazo ratiba hubadilika. Tangu 2025 nauli ya safari moja kwa mabasi mengi ya England imewekewa kikomo cha pauni 3, kwa hiyo basi sio linalokula hela, ni treni. Siku za kazi tiketi za asubuhi ni ghali, ngoja ipite saa tatu na nusu hivi bei zinashuka. Kama mna watoto nunueni Family & Friends Railcard, kadi ya punguzo la treni, mkubwa anapunguziwa theluthi, mtoto asilimia 60, familia haikawii kuirudisha pesa yake. Na usiku wa kuamkia safari angalia tena, maana wikendi ndo wanatengeneza reli, unafika steshen unaambiwa treni leo ni basi.

Ngoja niwape mfano mmoja mzima, Avebury, mkoa wa Wiltshire. Wote wanakimbilia Stonehenge, lile duara maarufu la mawe ya kale, wanalipa kiingilio, wanayatazama mawe kwa mbali nyuma ya kamba. Avebury huingii kwa tiketi na jiwe unalishika kwa mkono wako. Ndo duara kubwa kuliko yote ya mawe ya kale duniani, kubwa mpaka kijiji kimejengwa humo ndani, barabara inapita katikati na kondoo wanajikuna mgongo kwenye mawe yaliyosimamishwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Unapanda treni London Paddington mpaka Swindon, kama saa nzima, unatembea dakika chache hadi kwenye mabasi, unachukua namba 49 linashusha pale pale kijijini.

Ukishuka usikimbilie duka la zawadi. Tafuta jiwe wanaloliita la kinyozi. Mwaka 1938 Alexander Keiller, bwana aliyerithi utajiri wa mamaledi, ile jemu ya machungwa, akaumwagia kwenye kuchimba mambo ya kale, alikuta chini ya jiwe lililozikwa mifupa ya mtu, ana mkasi na sarafu za miaka ya 1320. Karne zile wanakijiji walikuwa wanayaangusha mawe na kuyafukia, na huyu, kwa ule mkasi, wachimbaji wakasema ni kinyozi na tabibu. Jiwe limesimamishwa tena, weka kiganja, hata siku ya jua ni la baridi.

Kutoka hapo tembea kusini kufuata kijito, utaiona Silbury, kilima kilichorundikwa na watu kwa mikono, hakipandwi, kitazame tu. Vuka barabara kuu panda kidogo hadi West Kennet, kaburi refu la mawe la miaka zaidi ya 5,000, hilo unaingia ndani, chukua tochi. Kwenda na kurudi hesabu masaa mawili na nusu kwa mwendo wa watoto. Mvua zikinyesha njia ya kijitoni inageuka bwawa, raba zako nyeupe acha nyumbani.

Ramani nunua ile ya karatasi ya Ordnance Survey, Explorer, jalada la machungwa, maana mtandao wa simu mabondeni unapotea. Vistari vya kijani vilivyokatika katika ndo njia za umma, na hata zikipita katikati ya shamba la mtu una haki kisheria kupita, ila geti ulilolikuta limefungwa lifunge. Ng'ombe wenye ndama wazungukie mbali, usikatize kati ya mama na mtoto, hapa sio kama wale wa kwetu waliozoea kupigwa fimbo na watoto.

Chakula: baa nyingi za kijijini jiko linafungwa saa nane, nane na nusu mchana, ukichelewa unabaki na krispu. Mie nabeba maandazi na chupa ya chai. Desemba saa kumi jioni giza linaanza kuingia kwa hiyo ondoka nyumbani mapema, Juni saa tatu usiku bado kweupe, utadanganyika ukasahau basi. Septemba kuna Heritage Open Days, majumba mengi yanafunguliwa bure, ingia mtandaoni upange mwezi mmoja kabla.

Yangu inayofuata ni Twywell, kijiji kidogo Northamptonshire. Padri wa pale alikuwa Horace Waller, na mwaka 1874 Chuma na Susi, wale waliobeba maiti ya Livingstone mpaka Bagamoyo, walikaa naye wakimsaidia kusoma daftari za marehemu. Nataka kusimama kwenye lile kanisa nione walikuwa wanatazama nini dirishani. Ila huko naenda na gari la shemeji, kwa hiyo saa ya kurudi atasema yeye, na nimeshamwambia aiandike.