Kisu chako cha kwanza: anza na tupa kuukuu, si na nyundo

Ukitaka kuanza kutengeneza visu usihangaike kutafuta fuawe ya kupigia chuma na mavukuto ya kupulizia moto, hivo vyaweza kungoja mwaka mzima na hutakosa kitu. Kuna njia mbili. Kuna kufua, wapasha chuma moto wakipiga mpaka kitoe umbo, na kuna kuchonga, wachukua chuma bapa wakata umbo la kisu halafu waondoa kilichozidi kwa tupa, ile ya meno ya kusugulia chuma, na msasa. Anza na kuchonga. Manake kisu hakiwi kisu kwa sababu ya umbo, kinakuwa kisu pale kwenye moto, na kwenye kuchonga moto wautumia mara chache tu kwa hivo akili yako yote inakaa pale panapotakikana.

Sasa chuma. Nondo za ujenzi, mabati, vyuma vya grili za madirisha, hivo viache, vina kaboni kidogo mno, utavitia moto mpaka uchoke na makali hayatakaa. Wataka chuma chenye kaboni ya kutosha na kilicho rahisi kupata ni tupa kuukuu, zile mafundi wanatupa zikishaisha meno. Tupa nzuri ina kaboni kama asilimia 1 hivi ama zaidi kidogo, na huku kwetu Mombasa utazipata kwa mafundi wa jua kali ama kwa watu wa vyuma chakavu, uliza tu. Lakini tupa nyingi za bei rahisi ni ngumu juu peke yake, ndani ni chuma laini, kwa hivo kabla hujaanza kazi ifunge tupa kwenye jiliwa, ama vaisi kama wengi wanavyoita, ifunike na kitambaa kizito, vaa miwani, kisha ipige ncha na nyundo. Ikivunjika mara moja na pale ilipovunjika ni kijivu chenye chembe ndogo ndogo kutoka upande hadi upande, hiyo yafaa. Ikijipinda kwanza, ama ukaona gamba la nje rangi yake si sawa na ya ndani, iweke kando.

Springi za lori pia ni chuma kizuri sana, na kwa mji wa bandari kama huu malori hayaishi, springi zimejaa. Ila ni nene, na kuzipunguza kwa mkono ni kazi ya kukukatisha tamaa kabla hujaona kisu. Tena springi ya zamani yaweza kuwa na nyufa ndani usizoziona kwa macho. Ziweke za baadaye ukishajua kufua.

Kisu chenyewe kiwe kidogo. Cha jikoni, cha kukatia vitunguu na kutoa samaki magamba, urefu wa ubapa sentimita 10 mpaka 12 na mpini kama sentimita 11. Chora kwenye katoni kwanza, kata, kishike mkononi kama wakata kitu, rekebisha, chora tena. Usichore jambia wala kisu cha sinema. Na mkia wa kisu, ile sehemu inayoingia kwenye mpini, uache upana wa mpini mzima, halafu pale mkia unapokutana na ubapa usiache kona kali ya ndani, izungushe, manake ufa huanzia kwenye kona.

Tupa jinsi ilivyo ni ngumu, tupa nyingine haiwezi kuila, kwa hivo kwanza yalegezwa. Iweke kwenye makaa mpaka iwe nyekundu na sumaku isiishike, kisha ifukie kwenye ndoo ya chuma yenye majivu makavu mengi uiache mpaka asubuhi. Ikitoka hapo itakatika na msumeno wa chuma bila matata. Saga meno yake yote yaishe, usiyaache ati ni urembo kwenye ubapa, kila mfereji wa jino ni mahali pa ufa kuanza na uchafu wa samaki kukaa.

Kata umbo, toboa matundu ya mpini saa hii hii (milimita 4 au 5 yatosha), manake chuma kikishakuwa kigumu drili haitaingia. Halafu ndo uje kwenye kazi inayokula wakati kuliko zote, kuteremsha ubapa kuelekea kwenye makali. Paka ukingo wote rangi ya maka peni. Chukua sindano ya drili yenye unene sawa na chuma chako, chuma cha milimita 3 sindano ya milimita 3, ilaze mezani na chuma pia kilaze, ncha ya sindano itakuwa katikati kabisa ya unene, kwaruza mstari mzima, geuza upande wa pili kwaruza tena. Sasa una alama ya katikati na tupa yako haina ruhusa ya kuivuka. Anza na pembe ya wima wima mpaka ukaribie mstari, halafu laza tupa pole pole kila ukipiga ili mteremko upande juu kuelekea mgongoni. Sukuma mbele tu, ukirudi inua tupa, na chaki kidogo kwenye meno ya tupa yazuia vipande vya chuma kunasa. Badilisha upande kila baada ya muda ili pande mbili ziende sawa. Usifikishe makali, acha ukingo kama milimita 1, ukienda mwembamba zaidi ya hapo utajipinda ama utapasuka ukiingia kwenye mafuta. Wenye grainda watamaliza haraka lakini kwa kisu cha kwanza mimi nakusihi utumie mkono, mkono unakufundisha kuona mteremko na hauharibu kitu kwa sekunde moja.

Haya, moto. Hapa usiwe na haraka hata kidogo.

Jiko la makaa latosha kwa kisu kidogo kama hiki, lizungushie matofali, makaa yawe mengi ya kufunika kisu juu na chini, na upepo utoke kwa draya ya nywele kupitia paipu ya chuma. Hiyo paipu isiwe ile ya maji iliyopakwa zinki, zinki ikiungua moshi wake unaleta homa kali. Vifuu vya nazi vilivyochomwa vikawa makaa vinatoa joto zuri sana na hapa Pwani havinunuliwi bei. Fanya nje, si chumbani, gesi ya makaa ndani ya nyumba inaua bila harufu. Na tazama juu yako kabla hujawasha: kama jirani ameezeka makuti na upepo wa bahari unavuma, nenda kwengine, cheche moja tu yatosha. Uwe na ndoo ya mchanga karibu. Vaa viatu vilivyofunika mguu si ndara, suruali ya pamba si nailoni, na kikoi kikae kamba ya nguo mpaka umalize.

Subiri Magharibi ipite. Mchana wa jua letu huwezi kuona rangi ya chuma vizuri, kwenye giza giza ndo unaona wekundu wake ulivyo. Kwanza kipashe kisu mpaka sumaku isiishike, kitoe, kiache kipoe hewani mpaka kiwe cheusi, fanya hivo mara tatu. Hii inatuliza chuma ndani na kurudisha chembe zake ziwe ndogo, wengi wanaruka hatua hii halafu wanashangaa kisu kimepinda. Baada ya hapo pasha mara ya mwisho. Sumaku huacha kushika chuma kwenye nyuzi kama 770 za selsiasi, nawe wataka upite hapo kidogo tu, wekundu uwe mng'avu zaidi kidogo, usifike rangi ya chungwa, ukizidisha chembe za ndani zakua na kisu kinakuwa dhaifu. Kisogeze sogeze kwenye makaa ili ncha isitangulie, ncha ni nyembamba na ndiyo huungua kwanza.

Mafuta yawe tayari kabla, lita 3 au 4 za mafuta ya kupikia ya majimaji ndani ya kopo refu la chuma lenye kifuniko, kamwe si plastiki. Yapashe mpaka nyuzi 50 au 60, mafuta yenye uvuguvugu ni mepesi na yanapoza chuma haraka kuliko ya baridi. Oili chafu ya gari usitumie, moshi wake ni sumu. Shika mkia na koleo, kitoe kisu motoni na kizamishe moja kwa moja wima bila kusita, ukisogeze mbele na nyuma kufuata makali, si kulia na kushoto, ukipeleka ubavu ubavu kinapinda. Moto ukishika juu ya mafuta funika, usimwage maji, maji kwenye mafuta yanayowaka yatalipuka usoni kwako.

Kikipoa pitisha tupa nzuri kwenye ukingo. Ikiteleza bila kuuma, umefaulu. Ikiuma, huenda hakikupata joto la kutosha, rudia. Lakini kwa sasa kisu kimekuwa kama gilasi, kikianguka sakafuni kitavunjika, kwa hivo usiku huo huo kisafishe mafuta yote, sugua na msasa mpaka chuma king'ae na ukitie kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa saa 2, kipoe, halafu saa 2 tena. Nunua themomita ya oveni, vidude vya oveni za nyumbani vinadanganya. Rangi unayotafuta ni manjano ya majani makavu. Ikifika buluu chuma kimelegea sana kwa kisu cha jikoni na itabidi urudi kwenye moto na mafuta. Kuanzia hapo ukitumia mashine yoyote kukisaga, chovya kwenye maji kila mara, kikikuunguza vidole kitoe.

Mpini ni raha. Vipande vya mwembe, mvule au mwarobaini utapata kwa maseremala bure ama kwa pesa kidogo, na Changamwe kwenye ushirika wa wachongaji wa Kikamba wanachonga mpingo, uliza kama kuna mabaki, vipande vyao vidogo kwako ni mpini mzima. Mpingo una mafuta yake ya asili, upanguse na thina kabla ya gundi la sivyo epoksi haitashika. Vaa maski ukipiga msasa, vumbi la mpingo ni baya kwa kifua. Kwarua mkia na msasa mkavu, paka epoksi, pitisha pini za shaba, bana na klampu lakini usikaze mpaka gundi yote itoke, acha siku nzima. Epoksi ya dakika tano iache, haivumilii maji ya jikoni. Halafu funga ubapa kwa teipu nene kabla ya kuchonga mpini, wengi wanajikata hapa hapa.

Kunoa ni mwisho. Jiwe la namba 400 kisha 1000, pembe ya nyuzi 15 mpaka 20 kila upande, noa upande mmoja mpaka usikie kwa kidole kijiukingo kimejikunja upande wa pili, geuza, kisha ukitoe hicho kijiukingo kwa kuvuta kisu kinyume kwenye mshipi wa ngozi.

Chuma hiki si cha pua, na hewa yetu ina chumvi, kutu yaweza kuanza kabla hujamaliza kula. Baada ya samaki na ndimu kioshe mara hiyo hiyo, kikaushe, paka mafuta ya nazi kidogo. Baada ya muda kitafanya weusi weusi wa kijivu, huo si uchafu, unasaidia kuzuia kutu, usiusugue. Na ukikipeleka kwa mtu kifunge kwenye katoni na teipu, usitembee nacho kiunoni, mjini hapa mtu mwenye kisu wazi hapati nafasi ya kueleza kwamba yeye ni mtengenezaji.

Ukishafanya vitatu vinne vya jikoni vikakaa makali, hapo tafuta springi na nyundo, na kazi nzuri ya kujifunza kufua ni kotama, kile kisu cha mgema cha kugemea mnazi, ule mpindo wake utakufundisha mengi.